Kudundisha flashi: mwanga wa dari na ukuta kwa anayepiga picha za filamu

Flashi ikimtazama mtu usoni moja kwa moja, paji la uso humeta, pua hutupa kivuli kikali shavuni na ukutani nyuma ya sikio hubaki mstari mweusi. Kwa mtu mweusi aliyeketi sebuleni Kisumu alasiri, jasho jembamba likiwa bado usoni, kasoro hiyo hujitokeza zaidi: kuna doa dogo la mng'ao, na ngozi yote iliyobaki inazama gizani. Sasa idundishe: geuza kichwa cha flashi kielekee dari nyeupe. Mwanga unatapakaa darini kwa upana wa mita moja au zaidi, unashuka ukiwa laini, na lile doa linatanuka hadi linaonyesha umbo la shavu na taya.

Kuanzia hapo anayemwangaza mtu ni dari, flashi inaipa dari kazi tu. Kwa hiyo ukiingia chumbani, kabla hata ya kufungua mkoba, tazama juu na pembeni. Kuna nini cheupe hapa? Kiko upande gani wa mtu? Kiko mbali kiasi gani? Maswali haya matatu yanaamua picha kuliko bei ya flashi.

Na kwa kuwa ni filamu, hakuna kioo nyuma ya kamera cha kutazama kama umepatia. Mkanda unaopigiwa Kakamega na kutumwa Nairobi kusafishwa utakupa jibu baada ya siku kadhaa, wakati harusi imeshaisha na watu wamerudi makwao. Hesabu inafanywa kabla ya kubonyeza.

Flashi ya kichwa kinachozunguka

Flashi za mtumba ziko za namna tatu. Zipo zenye kichwa kisichosogea, ambazo kwa kazi hii hazifai. Zipo zinazoinama juu tu, kama Vivitar 283 na 285HV. Na zipo zinazoinama na pia kuzunguka kushoto na kulia: Sunpak 383 Super, Nikon SB-24 hadi SB-28, na za siku hizi kama Yongnuo YN560 na Godox TT600.

Tofauti ya kundi la pili na la tatu huonekana pale unapoigeuza kamera wima ili kumpiga mtu mmoja. Flashi ya kuinama tu, iliyokuwa ikitazama dari, sasa inatazama ukuta wa pembeni, na kama huko kuna pazia jekundu, uso wa mtu unapakwa wekundu. Kwenye flashi ya kuzunguka fanya hivi: rudisha kichwa kwenye 0, yaani kisiiname kabisa, kisha kizungushe nyuzi 60 hadi 90 kuelekea upande ulio juu. Kamera ikiwa imelala ubavu, kuzunguka ndiko kunakoelekeza kichwa darini, wala kuinama hakuhitajiki. Wengi hufanya vyote viwili kwa pamoja, kichwa kinaishia kutazama kusikojulikana, na wanashangaa kwa nini picha za wima ni nyeusi.

Usikilazimishe kichwa. Flashi nyingi huzunguka nyuzi 180 upande mmoja na 90 tu upande wa pili, na baadhi zina kitufe cha kufungulia kilicho ubavuni mwa kichwa. Ukisikia kimekwama, tafuta kitufe au zungusha upande mwingine. Meno ya plastiki ya ndani yakishavunjika, kichwa kitalegea na kuinama chenyewe katikati ya kazi.

Flashi nzee ikiwa mpya kwako, ipime kwanza volti zake. Baadhi ya flashi za miaka ya 1970, zikiwemo Vivitar 283 za mwanzo, hupeleka volti zaidi ya 200 kwenye pini ya kamera. Kamera za chuma zinazokwenda kwa springi, kama Pentax K1000 au Zenit, huvumilia. Kamera yenye saketi za umeme inaweza kuungua palepale. Weka betri, washa, ngoja taa ya utayari iwake. Chukua multimita (kipima umeme), iweke kwenye volti za DC kwa kipimo cha 500 au zaidi, gusisha waya mwekundu kwenye pini ya katikati chini ya flashi na mweusi kwenye chuma cha ukingo wa kile kitako. Chini ya volti 6, iweke kwenye kamera yoyote. Ikiwa mamia, iache kwa kamera za springi. Wala usiifungue kwa bisibisi ili kuchungulia: kapasita ya ndani, inayohifadhi umeme wa flashi, hushika volti zaidi ya 300 hata betri zikiwa zimetolewa.

Kasi ya shata

Shata ni kilango kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu. Kila kamera yenye shata ya pazia ina kasi ya juu kabisa inayokubaliana na flashi, na kwenye gurudumu la kasi huandikwa kwa rangi tofauti au kwa alama ya X. Pentax K1000, Canon AE-1, Olympus OM-1 na Minolta X-700 ni 1/60 ya sekunde. Nikon FM ni 1/125. FM2 za mwanzo ni 1/200, na za baadaye 1/250. Zenit E ni 1/30, kwa hiyo mikono itulie. Kamera zenye shata ndani ya lenzi, kama Yashica-Mat 124G, hukubali flashi kwa kasi zote.

Kushuka chini ya kasi hiyo kunaruhusiwa, kuipita hakuruhusiwi. Ndani ya nyumba, kushuka hadi 1/30 kunasaidia: balbu za chumbani hupata nafasi ya kuonekana na nyuma ya mtu hapabaki shimo jeusi. Lakini usishuke bila sababu, maana balbu hugeuza picha ya rangi kuwa ya manjano na mtu akitikisika anaacha kivuli chake.

Hesabu ya njia ya mwanga

Nguvu ya flashi huandikwa kwa herufi GN. Ni namba ya tundu la lenzi ukiizidisha kwa umbali. GN 36 kwa mita na ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga) ina maana kwamba mtu aliye mita 4 anahitaji f/9, yaani tundu namba 9 (namba ikipungua, tundu hupanuka), kwa sababu 36 ukigawa kwa 4 ni 9. Ikiandikwa kwa futi, gawa kwa 3.3: GN 120 ya futi ndiyo ile ile 36 ya mita. Filamu ya ISO 200 huzidisha GN mara 1.4, na ISO 400 mara 2.

Tahadhari na namba kubwa za kwenye boksi. GN 58 ya YN560 ilipimwa kichwa kikiwa kwenye zumu ya 105mm, yaani kimebana mwanga uwe mwembamba, na GN 60 ya TT600 ni kwenye 200mm. Ukidundisha mwanga, zumu huiweka karibu 35 hadi 50mm, na hapo nguvu ni ndogo zaidi. Tafuta jedwali la flashi yako, usome mstari wa 35mm.

Mwanga wa kudunda husafiri njia mbili: kutoka flashi hadi dari, kisha dari hadi usoni. Jumlisha zote mbili. Kisha lipia kinachopotea darini. Stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu, na dari nyeupe isiyong'aa hula kama stopu 2, rangi ya krimu zaidi kidogo, mbao zisizopakwa rangi 3 au zaidi.

Chukua sebule ya kawaida ya nyumba ya mawe Nakuru, dari nyeupe yenye kimo cha mita 2.7. Umesimama, flashi iko mita 1.6 kutoka sakafuni. Mzee ameketi kwenye kiti mita 2.5 mbele yako, uso wake uko kimo cha mita 1.1. Mwanga unapanda na kushuka, jumla ya njia yake ni karibu mita 3.7. GN 36 ukigawa kwa 3.7 unapata f/9.7. Toa stopu 2 za dari, yaani gawa namba hiyo kwa 2: inabaki karibu f/4.8 kwa ISO 100. Ukiwa na Kodak Gold 200, hesabu inakupa f/6.8, kwa hiyo weka f/5.6. Ukiwa na Ilford HP5 Plus ya ISO 400, inakupa f/9.7, weka f/8. Kila mara unapokuwa katikati ya namba mbili, fungua tundu zaidi. Filamu ya negativu husamehe mwanga ukizidi stopu moja, hata mbili; ukipungua, vivuli huwa tupu na hakuna wa kuvirudisha. Filamu ya slaidi, ambayo yenyewe ndiyo picha, ni kinyume, haisamehi upande wowote, na kwa kazi hii ya kukisia dari haifai kabisa.

Usihangaike kupima kwa tepu kila mara. Jua kimo chako hadi flashi, jua urefu wa hatua yako, kadiria dari kwa mlango: milango mingi ina kimo cha kama mita 2, na kilichobaki juu yake unakikisia kwa jicho.

Ukiwa na kamera ya dijitali karibu, hata ya kuazima, itumie kupima. Iweke manual (kila kitu unakiweka mwenyewe), ISO ile ile ya filamu, kasi na tundu vile vile, flashi juu yake, piga. Ikionekana sawa, ongeza nusu stopu kwa ajili ya filamu, kisha hamishia flashi kwenye kamera yako.

Oto ni rafiki wa mpigapicha wa filamu

Oto ni flashi kujikatia mwanga yenyewe. Flashi kama Sunpak 383 au SB-28 zina jicho dogo mbele ya mwili. Jicho hilo hupokea mwanga unaorudi kutoka kwa mtu na kuukata unapotosha. Kichwa kinaweza kutazama juu, pembeni au nyuma kabisa, mwili haugeuki, na jicho linabaki kumtazama mtu. Maana yake hesabu yote ya njia na upotevu wa dari inafanywa na flashi yenyewe. Kwa harusi ambamo watu wanasogea kila dakika, hii ndiyo njia tunayoipendekeza. YN560 na TT600 hazina jicho hilo la oto. Huko utahesabu mwenyewe.

Weka ISO ya filamu kwenye flashi, chagua oto yenye tundu kubwa, f/2.8 au f/4, na uweke tundu lilo hilo kwenye lenzi. Tundu dogo kama f/8 kwenye oto linadai nguvu ambayo flashi haina ikishadunda. Kabla ya picha ya kwanza bonyeza kitufe cha kujaribu, kichwa kikiwa kimeelekea pale pale. Flashi nyingi zina taa inayothibitisha kwamba mwanga ulitosha. Isipowaka, ongeza tundu au sogea karibu na ukuta.

Jicho hilo lina udhaifu mmoja: halijui rangi ya kitu. Bibi harusi mwenye gauni jeupe akijaa kwenye fremu, flashi hudhani pana mwanga mwingi na kukata mapema. Fungua lenzi stopu moja zaidi ya oto. Mchungaji mwenye kanzu nyeusi mbele ya pazia jeusi, flashi humwaga mwanga hadi uso unafifia kwa weupe. Funga stopu moja. Na ukishikilia kamera, angalia kidole chako kisikae mbele ya jicho hilo.

Kichwa kitazame wapi

Kwa mtu aliye mita 2 hadi 3, inamisha kichwa juu hadi nyuzi 60, kikiwa kimeelekea mbele. Ukikiacha kwenye 45 na mtu akiwa karibu, ukingo wa chini wa mwanga unamfikia moja kwa moja, na utaona kwenye picha sehemu ya juu ya kichwa chake imeungua kwa weupe huku kifua kikiwa sawa. Ukikiweka 90, mwanga unaanguka kutoka utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Hilo la mwisho ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye picha za ndani.

Dawa ya macho ni kipande cha karatasi ya manila nyeupe, upana sentimita 8 na urefu 12, kilichofungwa kwa raba bendi nyuma ya kichwa cha flashi, kikichomoza juu yake sentimita 5 hivi. Kichwa kikiwa nyuzi 75 au 90, karatasi hiyo hurusha kipande kidogo cha mwanga mbele: macho yanapata nukta ya mng'ao na vivuli vya chini ya nyusi vinapungua. Ukiichomoza sana, umerudi kwenye flashi ya moja kwa moja.

Dari hutoa mwanga salama, lakini wa bapa. Anayetaka uso wenye umbo, azungushe kichwa kuelekea ukuta. Mweke mtu mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukuta mweupe, geuza kichwa nyuzi 90 kuelekea huko na ukiinamishe juu kama 30, ili mwanga uje kutoka pembeni na juu kidogo. Upande mmoja wa uso utang'aa, mwingine utashuka taratibu kwenye kivuli. Ni mwanga wa dirishani, na kwa picha ya mtu mmoja ya nyeusi na nyeupe hatuoni mbadala mzuri kuuzidi. Usiutumie kwa safu ya watu watano: aliye karibu na ukuta ataungua na wa mwisho atakuwa gizani. Safu ni kazi ya dari.

Njia ya tatu wengi hawaijaribu. Zungusha kichwa nyuma kabisa, juu ya bega lako, kielekee pale ukuta wa nyuma yako unapokutana na dari. Simama mita moja hivi kutoka ukuta huo. Chumba kizima kinakuwa na mwanga unaotoka nyuma ya kamera, mpana na mpole, unaofaa sana kwa vyumba vidogo na kwa wazee wenye miwani, maana kioo cha miwani hakirudishi ile nukta kali. Gharama yake ni nguvu: ongeza stopu moja juu ya hesabu ya dari, na umwombe aliyesimama nyuma yako afumbe macho.

Nyumba na kumbi zetu

Kuta nyingi za shule, kanisa na nyumba za kupanga zimepakwa nusu kwa nusu, chini rangi ya mafuta ya kijani, buluu au kahawia, juu krimu. Lenga nusu ya juu peke yake. Krimu huongeza joto kidogo, nalo hurekebishwa kwa urahisi wakati wa kuchapa au kuskani. Kijani upande mmoja wa uso na krimu upande wa pili hakurekebishiki, kwa kuwa ukiondoa kimoja unaharibu kingine. Ukiwa huna uso mweupe wa kutosha, tumia filamu ya nyeusi na nyeupe na hesabu stopu zaidi.

Mabati bila dari ni mtihani. Mapya hurudisha mwanga kwa mistari mistari, yaliyopata kutu huula na kuuacha wa kahawia, na mbao za paa hutupa vivuli. Usipoteze picha huko juu. Ila nyumba nyingi za mabati, za mitaa ya Nyalenda na Manyatta mjini Kisumu kwa mfano, zimetandikwa mashuka au mapazia ukutani, na yakiwa meupe au ya krimu ni ukuta bora wa kudundisha kuliko saruji iliyopakwa rangi ya mafuta, kwa sababu kitambaa hakimetemeti. Yasipokuwepo, mtu mmoja ashike shuka jeupe lililokunjwa mara mbili mita moja na nusu kutoka kwa anayepigwa. Likiwa tabaka moja, mwanga mwingi unapita na kuishia nje.

Hema jeupe la sherehe ni zawadi: turubai liko chini, ni jeupe, halina mng'ao. Hema lenye milia ya buluu na nyeupe si zawadi. Tafuta sehemu nyeupe kabisa au geukia karatasi ya manila.

Makanisa ya zamani na kumbi zenye dari ya mita 6 ziache. Njia ya mwanga inafika karibu mita 10, na GN 36 kwa ISO 400 inakuachia kama f/3.5 flashi ikitumia nguvu zote kila picha. Kama dari ni ya mbao nyeusi, hata hiyo huipati. Kwa maoni yetu, ikipita mita 4, tumia ukuta wa pembeni, nguzo nyeupe au shuka.

Betri

Kudundisha hula betri, kwa sababu flashi hutumia karibu nguvu zote. Betri nne za AA za kuchaji, aina ya NiMH, hujaza flashi haraka kuliko za kutupa ingawa zina volti 1.2 badala ya 1.5. Beba seti tatu kwa harusi, na usichanganye nzee na mpya. Taa ya utayari huwaka kabla kapasita haijajaa kabisa. Ikishawaka, ngoja sekunde tatu au nne zaidi. Flashi iliyokaa kabatini miaka, weka betri mpya, iwashe, iache ikae robo saa bila kupigwa, kisha ipige mara kadhaa kwa nguvu ndogo kabla ya kuipa kazi. Hewa ya unyevu ya kando ya ziwa huotesha kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri, kwa hiyo toa betri kila ukimaliza na usafishe vyuma kwa siki kidogo kwenye pamba, halafu uvikaushe.

Kusoma negativu kosa likitokea

Fremu nusu ina picha na nusu ni angavu tupu: shata ilipita kasi ya flashi. Angalia gurudumu, huenda liliguswa mkobani.

Fremu zote hazina mwanga wa flashi ingawa uliiona ikiwaka: kwenye baadhi ya kamera za zamani kuna swichi ya M na X, au FP na X, na imekaa mahali si pake. M na FP ziliwekwa kwa ajili ya balbu za zamani zilizochelewa kuwaka, X ni ya flashi ya umeme. Flashi ya umeme ikipewa M, inawaka na kuisha kabla lenzi haijafunguka. Weka X, kisha igandishe kwa tepu.

Negativu ni hafifu mkanda mzima: ulisahau stopu za dari, au ulisoma GN ya zumu ya mbali. Fremu za wima tu ndizo hafifu: kichwa hakikuzungushwa ulipoigeuza kamera. Fremu za mwanzo ni nzito na zinazofuata zinafifia moja baada ya nyingine, kisha ghafla moja nzuri: hukungoja kapasita ijae. Hesabu hadi tano kimoyomoyo baada ya taa kuwaka, hata kama shangazi wa bibi harusi anakuharakisha.